Mianga ya Kaskazini: Kabla Hujamkatia Mama Tiketi

Aliyezoea Kisumu, ambako giza huingia kwenye saa moja jioni mwaka mzima, hudhani mianga ya kaskazini (aurora), ile mianga ya rangi inayocheza angani usiku, huonekana mwezi wowote. Tromsø, kule Norwe, jua halitui kabisa kuanzia takriban tarehe 20 Mei hadi mwishoni mwa Julai. Kwa hiyo kama unaishi huko na unataka mama aje kuiona, usimkatie tiketi ya mwezi wa saba. Mlete Septemba au Machi: usiku una giza la kutosha, baridi haifikii ukali wa Januari, na mianga huchangamka zaidi. Akae angalau siku nne, kwa sababu mawingu ndiyo huwanyima wengi. Watu hukodolea macho Kp, kile kipimo cha 0 hadi 9 cha msukosuko wa sumaku ya dunia, wakasahau utabiri wa mawingu. Tromsø hata Kp 2 yatosha anga ikiwa safi.

Tokeni mjini, mngoje kati ya saa nne na saa nane usiku. Simu zikae mfukoni dakika 20 macho yazoee giza.

Kamera iwe kwenye stendi. Anza na f/2.8 (upana wa tundu la lenzi), ISO 1600 (wepesi wa kamera kunasa mwanga), na lenzi ibaki wazi sekunde 8. Mianga ikianza kucheza kwa kasi, shuka hadi sekunde 2 na upandishe ISO hadi 3200 au zaidi, la sivyo mikunjo yake yote itageuka ukungu wa kijani. Chomoa filta ya UV, kile kioo cha kukinga mbele ya lenzi. Huacha miduara katikati ya picha.

Kinachoharibu picha nyingi ni fokasi, yaani kulenga lenzi ili picha iwe kali. Zima ile ya otomatiki, tafuta nyota angavu, ikuze kwenye skrini, kisha zungusha pete ya lenzi polepole. Nyota itakuwa imevimba kama andazi, halafu itasinyaa hadi ncha ya sindano. Ukipitiliza itavimba tena. Rudi kidogo, ubandike selotepu pete isisogee. Mgeni anayetoka Nakuru ajifunze hili kwao kabla ya safari, usiku stima zikipotea.

Betri za akiba ziwe mfuko wa ndani, karibu na mwili, maana baridi huzimaliza upesi. Mkirudi, funga kamera ndani ya mfuko wa plastiki mkiwa bado nje, ikae humo saa moja au mbili. Ikiingia wazi kwenye joto, maji hutanda mpaka ndani ya lenzi.

Mwambie mama mapema kwamba mianga ikiwa hafifu, jicho huona weupe kama wingu jembamba. Kijani kile cha picha ni kamera iliyokusanya mwanga kwa sekunde kadhaa. Na picha za kwenda nyumbani zitume WhatsApp kama dokumenti, zisipunguzwe ubora.