Kabla hujamuuliza mtoto wa chekechea "baba yako nani?"

Nafundisha chekechea hapa Langoni, Lamu, watoto wa miaka 4 na 5. Mwalimu mpya akija, la kwanza ninalomwambia ni hili: jua mtoto analelewa na nani kabla hujaanza somo la familia.

Anza na fomu ya kuandikisha. Nyingi zina nafasi ya jina la baba na la mama, basi. Mimi huongeza kwa kalamu: analala kwa nani, akishikwa na homa nimpigie nani, nani ana ruhusa ya kuja kumchukua. Uliza pembeni, wazazi wengine wasisikie. Utaambiwa mama yuko Saudia kazini, mtoto yuko kwa bibi. Au baba mvuvi, yuko dago, kambi ya wavuvi, upande wa Kiunga. Au baba ana wake wawili na zamu zake. Andika, usikunje uso. Asiyetaka kutaja baba wa mtoto usimlazimishe, mtoto aandikishwe.

Wako pia wenye jina lisilofanana na la walezi wao. Kwa Waislamu, mtoto wa kulelewa hubaki na nasaba ya babake mzazi, na Sheria ya Watoto ya 2022 inautambua ulezi huo wa kafala. Fuata cheti cha kuzaliwa, na usimhoji mtoto mbele ya wenziwe.

Sasa somo lenyewe. Ule mchoro wa baba, mama na watoto wawili uache kabatini. Mimi huwapa kombe, yale magamba ya ufuoni, na kuwaambia: weka moja kwa kila mtu mnayekula naye sinia moja. Hapo kila mtoto ana la kuweka. Mvulana mmoja alipanga mafungu mawili, akaniambia, "Huku kwa mama, huku kwa mama mkubwa, na baba ni huyu," huku akiihamisha kombe moja kutoka fungu hili kwenda lile. Mwenziwe akasema baba hawezi kuwa na nyumba mbili. Nikamwambia wako kina baba wenye nyumba mbili, wako wenye moja, naye atuoneshe ya kwao. Jibu fupi la kweli linamtosha mtoto wa umri huu. Msichana mwingine humwita bibi yake "mama", na mamake mzazi humwita kwa jina. Usimsahihishe. Zungumza naye kwa maneno yale yale anayotumia.

Talaka ndiyo yenye uzito. Katiba, kifungu cha 53, inawapa baba na mama jukumu sawa juu ya mtoto, wawe wameoana au la. Kwa hiyo mzazi akikuambia mwenzake asimchukue mtoto, omba nakala ya amri ya kadhi au ya mahakama. Hana? Mpelekee mwalimu mkuu jambo hilo siku hiyo hiyo, usijiamulie.

Barua za mkutano ziandikie "mzazi au mlezi". Bibi anayeumwa magoti mfuate kwake. Na mama aliye Saudia anastahili kumsikia mwanawe akiimba: bibi akikubali, mrekodi kwa simu umtumie. Saa za kule na za Lamu ni moja, lakini muulize kwanza ni wakati gani anaruhusiwa kushika simu.