Somo: Kuipanga Desemba Nyanda za Juu Kusini, shamba, sikukuu na shule

Desemba ya Mbeya, Iringa na Njombe ina mzigo wake. Mvua imekolea, mahindi yanadai palizi, ndugu wanapanda mabasi kutoka Dar, na Krismasi ikipita watoto wanarudi shule. Wageni si tatizo. Kinachoumiza kichwa ni mambo matatu kuchota kwenye mfuko mmoja.

Hatua ya 1: Bahasha tatu, mwanzoni mwa Novemba
Andika SHULE, SHAMBA, SIKUKUU, na uzijaze kwa mpangilio huohuo. Elimu bila ada ipo tangu 2016, lakini sare, viatu, madaftari na mchango wa chakula bado ni vya mzazi. Shamba nalo halisubiri: ekari moja ya mahindi kwa kawaida huchukua mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya DAP wa kupandia na mwingine wa urea wa kukuzia. Nunua yote miwili kwa pamoja. Anayeiacha urea mpaka Januari mara nyingi hukuta hela imeshaliwa. Sikukuu inapata kinachobaki, maana mgeni hula kilichopo, ila mahindi yakikosa mbolea, hasara utaiona kwenye mavuno.

Kikoba, yaani kikundi chenu cha kuweka na kukopa, kikigawana Desemba, gawanya fungu lako kwenye bahasha siku hiyohiyo, kabla halijalala nyumbani.

Hatua ya 2: Palizi kabla ya wageni
Hesabu kuanzia siku uliyopanda. Palizi ya kwanza ni wiki ya pili hadi ya tatu, kwa hiyo mahindi ya mwisho wa Novemba yanaangukia katikati ya Desemba. Ongea na vibarua mapema; ikifika tarehe 20 nao wameenda kwao.

Hatua ya 3: Mkaa
Nunua gunia kabla mvua hazijakaza, uliweke juu ya mbao au matofali, mbali na ukuta unaovuja. Mkaa uliolowa unatoa moshi na kuchelewesha chungu.

Hapa tunasisitiza kwa moyo wote: mgeni aliyezoea joto la Pwani atasikia baridi usiku na kutaka jiko liingie chumbani. Kataa. Mkaa unaowaka hutoa gesi isiyo na rangi wala harufu, na watu hufa usingizini. Andaa mablanketi.

Hatua ya 4: Hesabu ya chungu
Kilo 1 ya mchele hutosha watu wazima 6 hadi 7 ikiwa kuna nyama na kachumbari. Watu 20: mchele kilo 3, nyama kilo 3, vitunguu kilo 1. Kreti moja la soda lina chupa 24, kwa hiyo limetosha. Tafuta mapema chupa tupu za kubadilishia.

Maharage loweka usiku kucha. Mbeya mjini ni takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Muda uliozoeleka Dar hautoshi huku. Washa jiko mapema kuliko unavyodhani.

Hatua ya 5: Tiketi
Kata tiketi ya kurudi siku unayokata ya kuja. Nunua ofisini kwa basi lenyewe, si kwa mpiga debe.

Maswali ya washiriki wa somo

*Makambako: Shikamoo mwalimu. Ndugu hawasemi wanakuja wangapi. Nipangeje?*
Marahaba. Tarehe 10 mpigie kila mmoja, muulize jambo moja tu: unapanda basi lini, na nani? Jumlisha, ongeza wawili. Kisha mpe kila mtu kitu chenye jina: "Kaka, niletee mafuta lita 5." Ukisema "njoo na chochote", wanne watakuja na mikate.

*Tukuyu: Pilau yangu ya watu 40 ilikuwa mbichi juu na imeungua chini. Kosa ni nini?*
Sufuria moja kwa kilo 6 ni kosa, dada. Uzito wa juu unakandamiza wa chini na mvuke haupandi. Gawa kilo 3 kwa 3. Pima supu na maji pamoja, vikombe viwili kwa kimoja cha mchele. Maji yakikaribia kukauka punguza moto chini, weka makaa machache juu ya mfuniko, na usifunue kila dakika. Mchele mpya hunywa maji kidogo, anza na kikombe kimoja na nusu.

*Iringa: Bahasha ya sikukuu ikiisha tarehe 26, nichukue kidogo ya shule?*
Hapana. Wageni waliobaki wale ugali, maharage na mboga za bustani. Bahasha ya shule ni salama zaidi ikiwa imeshageuka viatu na madaftari kabla ya tarehe 20.

*Mafinga: Sare nishone lini?*
Kitambaa kifike kwa fundi kabla ya tarehe 5 Desemba, mkubaliane uichukue tarehe 18. Mwambie aache pindo la sentimita 5 kwenye sketi au suruali. Mtoto akirefuka katikati ya mwaka unafumua, hununui. Mjaribishe mtoto hapohapo dukani kwa fundi, maana baada ya hapo mafundi wengi hufunga mpaka Januari.