Somo: Kuchagua mfumo huria wa laptopu na seva ukiwa na bando la kuhesabu

Tangu Microsoft wafunge huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, hapa kibandani kwangu Busia naletewa laptopu nzima kabisa na swali lile lile: "Fundi, hii nitupe?" Usitupe, iwekee Linux, mfumo huria wa bure unaochukua nafasi ya Windows. Windows 11 inaikataa kwa kuwa haina TPM 2.0 (chipu ya usalama) au prosesa ni ya zamani, lakini mashine yenyewe haiumwi.

Wengi huchagua Linux kwa sura. Mimi nauliza mawili tu: itaendelea kupata masasisho hadi mwaka gani, na yatakula bando kiasi gani?

Hatua ya 1: Ijue mashine. RAM ya GB 4 kwenda juu, weka Linux Mint yenye Cinnamon (sura yake kamili). GB 2, chukua Mint ya Xfce (sura nyepesi). Kama prosesa ni ya biti 32, Debian 12, Linux nyingine, ndiyo ya mwisho yenye kisakinishi chake. Debian 13 iliyotoka Agosti 2025 imeziacha prosesa hizo.

Hatua ya 2: Pima upakuaji. Linux ya Ubuntu ya mezani inakaribia GB 6, Mint karibu GB 3. Debian ndogo ya kusakinishia mtandaoni haifiki GB 1, ila usidanganyike, vilivyobaki itavivuta wakati wa kusakinisha. Ukimaliza kupakua, linganisha namba ya `sha256sum` (alama ya kuhakiki faili) na ile ya tovuti yao. Faili lililokatika katikati hugundulika hapo, si saa nane usiku.

Hatua ya 3: Onja kwanza. Weka Ventoy, programu ya kuwashia mashine kwa flashi, kwenye flashi yako, nakili faili za mifumo miwili mitatu, washa mashine kwa flashi bila kugusa diski. Jaribu Wi-Fi, sauti, kamera, mwanga wa kioo. Wi-Fi ikigoma hapa, itagoma hata ukishasakinisha, mpaka upate draiva yake.

Hatua ya 4: Seva, yaani kompyuta inayohudumia nyingine. Hapa uzuri hauna kazi, umri ndio wenye kazi. Ubuntu Server 24.04 inasasishwa bure hadi 2029, kwa kuwa matoleo yao ya LTS (ya huduma ya muda mrefu) hupewa miaka 5. Debian nayo hufika miaka 5 ukihesabu na kipindi chake cha LTS, na ndiyo mama wa Ubuntu, imekuwepo tangu 1993. Upande wa Red Hat, kampuni nyingine ya Linux, CentOS 8, mfumo wa bure unaofanana na wake, ilitoka 2019, watu wakaitegemea hadi 2029, ikakatwa mwisho wa 2021. Rocky na AlmaLinux walizaliwa kuziba pengo hilo, nazo ni imara. Lakini kama mezani una Mint 22, ambayo imejengwa juu ya Ubuntu 24.04, mimi seva naiweka Ubuntu hiyo hiyo. Sababu iko hatua inayofuata.

Hatua ya 5: Pakua mara moja, gawia wote. Hii ndiyo iliyonifanya niandike somo. Mint, Ubuntu na Debian husakinisha programu kwa chombo kiitwacho apt. Kwenye seva:

`sudo apt install apt-cacher-ng`

Kwenye kila kompyuta, tengeneza faili `/etc/apt/apt.conf.d/00proxy` na uandike mstari huu, ukiweka anwani ya seva yako:

`Acquire::http::Proxy "http://192.168.1.10:3142";`

Mashine ya kwanza ikiomba kifurushi cha programu, seva inakivuta kutoka intaneti na kukihifadhi. Ya pili hadi ya ishirini zinakipata ndani ya nyumba, bando haliguswi. Seva na mezani zikiwa ukoo mmoja, vifurushi vingi ni vile vile. Angalizo: vyanzo vya https havihifadhiwi hivi hivi.

MASWALI

Mwalimu wa Tororo: Fundi, jambo. Maabara ina kompyuta 18 na modemu moja. Seva ya kazi hiyo ni ya bei gani?

Jibu: Jambo mwalimu. Tafuta laptopu iliyopasuka kioo, ambayo hakuna anayeitaka. Umeme ukikatika, betri yake inakushikia. Kwenye `/etc/systemd/logind.conf` andika `HandleLidSwitch=ignore`, iwashe upya, isilale ukiifunga kifuniko.

Kijana wa Nasser Road: Sisi ni wa kuchapa, ssebo. CorelDRAW na Photoshop tutafanyaje?

Jibu: Ndugu yangu, baki na Windows kwenye mashine hiyo moja. Inkscape na GIMP, programu huria za kuchora na kuhariri picha, ni nzuri kuanzia kazi mpya, ila faili la CorelDRAW la mteja likifunguka vibaya saa ya kuchapa, hasara ni yako. Ya mapokezi na ya hesabu zihamishe.

Mama Duka, Mbale: Naweza kuweka zote mbili, Windows na Mint?

Jibu: Unaweza, mama. Kwanza nakili picha na hesabu zako kwenye diski ya nje. Zima "Fast Startup" ya Windows, chaji betri ijae, halafu ndipo upunguze nafasi ya Windows. Umeme ukikatika katikati ya kupunguza, betri imekufa, data inaweza kwenda nayo.

Mzee wa BSD: Umeiruka FreeBSD, mfumo huria usio Linux, na ZFS yake, mpango wa kuhifadhi faili kwenye diski, haihangaiki umeme ukikatika.

Jibu: Mzee wangu, kweli, kwa seva ya faili yenye RAM ya kutosha naipenda. Kwa laptopu, draiva za Wi-Fi bado zinanisumbua. Na apt haiko huko, kwa hiyo ujanja wa hatua ya 5 haufanyi kazi kwake.

Mwalimu wa Tororo: Nimerudi. Laptopu ya kioo kilichopasuka imepatikana stoo, iko chini ya meza. Mashine ya kwanza ilichukua mchana mzima, ya pili nimemaliza kabla chai haijapoa. Ila sasa printa haionekani.

Jibu: Safi sana, mwalimu. Printa ni ya aina gani, na imechomekwa kwenye ipi?