Fedha za mbegu: anzeni na swali moja

Mnaoandika andiko la pamoja kati ya ndaki (vitivo) mbili za chuo kikuu kuomba fedha za mbegu, yaani ruzuku ndogo ya kuanzishia utafiti, msigawane kurasa. Wa kilimo akiandika zake, wa kompyuta zake, kisha mkabandika, msomaji atauona mshono palepale. Tafuteni swali ambalo hakuna anayeliweza peke yake, mfano zabibu za Hombolo, Dodoma, zinaharibikia wapi kati ya shamba na kiwanda. Zabibu Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo hata ruzuku ya miezi 12 inawapa misimu miwili ya takwimu. Kabla ya kutuma, kubalianeni kwa maandishi nani anashika fungu la fedha na jina la nani linatangulia kwenye makala. Hapo ndipo wengi hugombana. Na pale Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) ndaki zimeachana mbali, wekeni nauli ya bodaboda kwenye bajeti.