Somo: Kutengeneza kisagio cha jasi na vigae kwa ajili ya kioo cha darubini

Kisagio ni kile kipande ambacho kioo husagwa juu yake kwa maji na unga wa silikoni kabaidi. Diski ya pili ya kioo hufaa, lakini kisagio cha jasi na vigae hufanya kazi ileile kikitengenezwa kwa uangalifu. Tuchukue kioo chenye kipenyo cha milimita 200 na urefu wa fokasi (umbali kutoka kioo hadi mahali miale ya mwanga inapokutana) wa milimita 1200, ambacho bonde lake katikati hufikia milimita 2 na kidogo.

Kioo kikishachimbwa bonde la awali, kilaze uso ukitazama juu, kifunike kwa nailoni nyembamba isiyo na mikunjo, na ukizungushie utepe mpana unaopita ukingo wake kwa sentimita 3. Tumia jasi ngumu ya mafundi wa meno, ukiinyunyiza ndani ya maji ili mapovu yapungue. Jasi hutoa joto inapoganda, kwa hiyo isubiri ipoe kabisa ndipo uitenganishe na kioo.

Ikishakauka hadi ndani, ipake epoksi kila upande, ubavuni na chini pia. Hatua hii naisisitiza kuliko nyingine zote, kwa sababu jasi ina vinyweleo, na chembe moja ya unga mkubwa wa namba 80 iliyojificha humo ikichomoka wakati umeshafika kwenye unga laini wa mikroni 9, itachora mkwaruzo utakaokulazimu kurudi nyuma hatua kadhaa.

Kisha bandika vigae vidogo vya kauri kwa epoksi, ukiacha mifereji ya milimita 3 hivi. Kitovu cha kisagio kisiangukie katikati ya kigae wala kwenye makutano ya mifereji, la sivyo kioo kitapata miduara ya vimo tofauti. Kabla gundi haijashika, tandaza nailoni na ukandamize kioo juu yake ili vigae vifuate mbinuko.

Mwisho, chora mistari ya penseli juu ya uso wa kioo, usage kidogo, uikague: ikifutika sawasawa kutoka katikati hadi ukingoni, vigae vyote vinagusa.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, kigae kikibanduka katikati ya kazi nifanye nini?
Jibu: Simama mara moja, osha kila kitu, na uzibe pengo kwa epoksi bila kurudisha kigae. Ukikirudisha kitakuwa na kimo tofauti, nawe utalazimika kurudi kwenye unga mkubwa hadi kilingane na vingine.

Swali: Je, saruji inaweza kuchukua nafasi ya jasi?
Jibu: Inaweza, ndugu, ila huchelewa kukomaa, nayo pia lazima ipakwe epoksi.

Swali: Kisagio hikihiki naweza kukimwagia lami ya kung'arishia?
Jibu: Sikushauri. Mimina jasi ya kisagio cha pili mapema, ukihifadhi mbali na unga wote wa kusagia, na lami uiweke juu ya hicho.