Kabla ya kubadilishwa valvu ya moyo: ya kupanga ukiwa bado Kigoma

Mdogo wangu ana valvu ya chuma, yaani mlango wa kupitisha damu moyoni. Sisi tunaiita hivyo, ingawa nyingi hutengenezwa kwa kaboni ngumu. Usiku redio ikizimwa, ukilala chumba kimoja naye unaisikia: tik, tik, tik, kama saa ya mkononi iliyofunikwa na shuka. Nyumba yetu Kibirizi imeishi na sauti hiyo miaka kadhaa sasa, ndiyo maana wenye mgonjwa wa moyo hupita kutuuliza wajiandae vipi.

Siku hizi wengi huanza kwa kuuliza upasuaji wa roboti. Upasuaji wa valvu kwa roboti ulianza Ufaransa mwaka 1998, na India, wanakokwenda wagonjwa wetu wengi, upo. Roboti haipasui yenyewe. Daktari hukaa pembeni kwenye mashine yake, akaongoza mikono ya chuma inayoingia kwa matundu madogo kati ya mbavu. Mfupa wa kifua haupasuliwi, kwa hiyo huna haja ya kusubiri wiki 6 hadi 12 uunge ndipo ubebe ndoo au uvute wavu. Kwa mvuvi hiyo si faida ndogo. Lakini valvu inayowekwa ni ile ile. Baada ya miaka 10, uzima wako unategemea aina ya valvu na namna unavyoitunza, na mlango aliopitia daktari hauna uzito tena. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, hubadilisha valvu kwa kufungua kifua. Kwa maoni yangu, usiuze kiwanja ili tu upate kovu dogo.

Swali la kwanza kwa daktari liwe: yangu haiwezi kurekebishwa? Ikirekebishika vizuri, mara nyingi ndiyo njia bora. Ikishindikana, mnachagua. Valvu ya mnyama, ya ng'ombe au nguruwe, kwa kawaida hudumu miaka 10 hadi 15, na kwa kijana huchakaa mapema zaidi. Maana yake ni kurudi tena mezani. Ya chuma hudumu miongo, ila inadai warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kila siku ya maisha. Binti anayetaka kuzaa alizungumze hili mapema, kwani warfarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni, hasa kati ya wiki ya 6 na ya 12 ya ujauzito. Mama au dada aende naye. Maneno hayo ni mazito kuyasikia peke yako.

Hapa ndipo ninapowasihi watu wasiharakishe. Warfarini inaongozwa na kipimo cha damu kiitwacho INR. Kwa valvu ya chuma upande wa mitrali, yaani kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo, daktari kwa kawaida hutaka kati ya 2.5 na 3.5, chini yake damu huganda, juu sana unavuja. Basi kabla hujakata tiketi ya treni, nenda hospitali ya Maweni na maabara nyingine za mjini, uliza kwa mdomo wako: INR mnapima? Vitendanishi, yaani dawa za kupimia, huisha mara ngapi? Kama jibu ni la kusitasita, mpelekee daktari jibu hilo kabla hajachagua valvu.

Nunua na daftari. La mdogo wangu lina safu tatu: tarehe, INR, vidonge. Ukurasa mmoja una doa la mawese na namba 6.1. Wiki ile mgongo ulimuuma, duka la dawa likampa diklofenaki, dawa ya maumivu isiyopatana na warfarini, bila kumuuliza anatumia nini, na asubuhi mswaki ukatoka mwekundu. Tangu hapo daftari linatangulia kaunta. Isombe na matembele hakuacha; anakula kiasi kile kile kila wiki, maana majani mengi ya ghafla huishusha INR.

Meno mabovu yang'olewe kabla ya upasuaji, kwani bakteria wa kinywani hukaa kwenye valvu mpya. Kama chanzo kilikuwa homa ya baridi yabisi, sindano za penisilini za kila wiki 3 au 4 huendelea hata baada ya valvu kubadilishwa, mpaka daktari aseme basi.

Mwisho, elewaneni na mwenye bodaboda anayepokea simu usiku. Ile tik tik ikififia ghafla au ikipotea, huenda damu imeganda kwenye valvu. Hapo hamngoji kuche.