Rivabu ya gitaa ya surf: anza kavu, ongeza polepole

Kama umeanza kupiga surf, ule muziki wa gitaa wa California wa miaka ya sitini, hapa Nairobi, jua mapema kwamba mambo ya rivabu, yaani mwangwi unaoongezwa kwa gitaa, hutakubaliana na kila mtu, juu sikio la kila mtu limetoka mahali. Aliyekulia benga amezoea gitaa kavu, kali, inayoongea kama mtu, ukimwagia mwangwi atakwambia umezika nota. Anayepiga kanisani naye amezoea ule mwangwi mrefu wa kuelea nyuma ya maombi, akishika surf anaweka Hall, ile rivabu ya kuiga ukumbi mkubwa, sekunde nne na hapo ndio inaharibika, juu surf inataka rivabu ya springi, mwangwi mfupi unaorukaruka. Kwa hivyo kama una pedali ya rivabu, tafuta palipoandikwa Spring na uache hizo zingine.

Sasa, kabla ya chochote, zima rivabu kabisa. Weka pikapu (ile sumaku ya kunasa sauti ya nyuzi) ya nyuma karibu na briji, pale nyuzi zinapofungwa kwenye mwili wa gitaa, sauti safi bila distoshoni, trebo juu kidogo, halafu piga. Kama kavu haisikiki poa rivabu haitakuokoa. Let's Go Trippin' ya 1961 ya Dick Dale, mpiga gitaa wa surf wa Marekani, haina rivabu na bado ni surf, mkono wake ndio ulikuwa unafanya kazi, ile kupiga harakaharaka juu chini bila kupumzika ambayo ilitoka kwa ngoma ya tarabaki aliyofundishwa na anko wake Mlebanoni, aliyekuwa pia anapiga udi. Ukiwahi kusikia udi wa taarab ukitetemeshwa uzi mmoja unajua naongea nini. Nyuzi za Dick Dale zilikuwa nene sana, ule mnene kabisa ulikuwa wa 60 (unene unapimwa kwa elfu ya inchi) wakati seti za kawaida zinaishia 42 ama 46. Si lazima ufike huko, anza na seti ya 11, yaani ile ambayo uzi mwembamba kabisa ni wa 11.

Sasa rivabu yenyewe. Tangi ya Fender, kisanduku cha rivabu ya springi kinachokaa kati ya gitaa na ampu, ilitoka 1961 na ina nobu tatu: Dwell, Mixer na Tone. Wengi wanachezea Mixer tu, na mimi naona hapo ndio wanakosea. Mixer inasema mwangwi kiasi gani uchanganywe na gitaa kavu, lakini Dwell inasema springi zisukumwe kwa nguvu gani, na hiyo ndio siri. Jaribu hivi: Mixer katikati, Dwell chini kabisa, laza kiganja juu ya nyuzi karibu na briji, piga uzi wa 6 mara tatu kwa nguvu huku umeubana. Ongeza Dwell kidogo, piga tena. Kuna mahali utasikia "plik", kama tone la maji likianguka kwenye mtungi uliojaa nusu, hapo simama. Ukipita hapo nota zinaanza kulowana zote na mtu wa besi atakuangalia vibaya.

Rivabu iliyo ndani ya ampu mara nyingi haina Dwell, ina nobu moja tu, kwa hivyo nguvu itabidi itoke mkononi, piga kwa piki ngumu.

Kitu kingine muhimu sana, vifaa vingi vya Marekani ni vya volti 120 na stima yetu ni 240. Mwenzangu aliletewa tangi na binamu yake, akachomeka ukutani moja kwa moja, ikatoa moshi kabla hata hajashika gitaa, na ilikuwa nzuri hiyo, iliniuma. Soma nyuma ya kifaa kwanza, kama ni 120 tafuta transfoma ya kushusha stima.

Halafu angalia chumba. Ukumbi wa mabati na sakafu ya simiti una mwangwi wake tayari, punguza Mixer hata kama nyumbani kwa bedsita ilikuwa inasikika tamu. Nyimbo za kasi pia zinataka kidogo, za polepole zinabeba nyingi.

Mimi napenda Dwell juu, Mixer chini ya nusu. Tunayepiga naye ridhimu anataka karibu kavu, tulibishana miezi hadi siku tuliacha simu ikirekodi nyuma ya ukumbi, na kusikiliza tukakuta yake ndio inafanya yangu isikike. Sasa kila mtu amebaki na yake.